Mtu wa Pangani anatafuta boti Nairobi

"Unataka ya kuvulia ama ya nini?"

Ndivyo alivyonijibu mwenye boti mmoja wa huku Karen nilipompigia kuulizia tangazo lake. Nikamwambia hapana, ya kutembelea tu, siku za Jumapili, mimi na mama watoto na vijana wetu. Akakaa kimya. Akaniuliza lafudhi hii ni ya wapi, nikamwambia Pangani, ile ya Tanga. Basi boti iliyoandikwa laki nne na nusu ikawa laki sita hapo hapo. Laki za Kenya hizo. Mlioko Tanga zidisheni kwa ishirini, halafu mtafute pa kukaa.

Bei haikuniudhi sana. Bei ni maneno, hujadiliwa. Swali ndilo lililonikaa kooni. Mimi nimevuka Mto Pangani kwa kafi kabla sijajua kusoma saa. Mjomba wangu anachonga ngalawa mpaka leo. Halafu mtu anayeiona bahari Desemba kwa Desemba ananihoji kana kwamba wa kwetu akitaka chombo lazima awe na nyavu begani. Ofisini nako yale yale. Nilipotaja kwamba natafuta boti ya mtumba, dada mmoja wa uhasibu akapaza sauti, "Kumbe huyu Mtanzania ameomoka!" Wakacheka mpaka chai ikapoa. Kwetu chombo ni kama baiskeli: anacho mwalimu, anacho muuza maandazi, anacho hata asiye na viatu. Nairobi boti ni ushahidi wa pesa, na ukiitafuta huku huna pesa wanakuona ama tapeli ama umechanganyikiwa.

Wanaouliza Nairobi kuna maji gani wana haki yao. Kulikuwa na Bwawa la Nairobi, pale kati ya Lang'ata na Kibera, lililojengwa 1953, na watu walikuwa wakitweka matanga hapo wikendi. Leo ukienda utakuta majani na uchafu wa mitaro. Magugu maji yamelimaliza. Kwa hiyo mwenye chombo huteremka Naivasha, kilomita 90 hivi, ikiwa hakuna lori lililolala njiani Mai Mahiu. Ziwa lile nalipenda. Maji matamu, viboko, furukombe wanalia juu ya migunga. Upepo unaamka mchana, asubuhi kumetulia. Mtu wa pwani ukifika pale kifua kinafunguka, ingawa hakuna harufu ya chumvi.

Sasa niseme nilichojifunza, maana kuna vijana wawili watatu wameniandikia wakidhani nimeshakuwa bwana.

Wahenga wetu walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni tumboni chini kule maji yanakokusanyika. Msemo huo nimeutumia kukagua boti, na haujaniangusha. Watu wanakimbilia kutazama mashine na rangi. Mimi natazama ngama kwanza. Chombo cha mbao hakifichi ugonjwa wake: ukichoma kwa ncha ya kisu utajua palipooza, utaona kalafati, ile pamba ya kuzibia mianya, iliyotoka, utanusa kama kimepakwa sifa, yale mafuta ya samaki, au kimeachwa kikauke. Boti za faiba ni wanafiki. Nje inang'aa, ndani ya ule ukuta wa tezi ambapo mashine inafungwa kuna ubao, na ubao ule ukiingiwa na maji kupitia tundu za bolti unaoza kimya kimya miaka na miaka. Siku moja mashine inang'oka na kipande cha boti.

Kuujua ugonjwa huo hakuhitaji chuo. Inua mashine, shika mguu wake wa chini, ukandamize juu na chini huku mwenzako akitazama ukuta wa tezi. Ukicheza, shukuru, aga, nenda nyumbani. Gonga pia kwa kipini cha bisibisi: penye uzima panatoa sauti kavu, palipooza sauti inazama. Tembea sakafuni ukikanyagia visigino. Chini ya sakafu nyingi kuna povu la kuelea ambalo likinywa maji halitapiki tena, na boti inakuwa nzito kwa kilo usizoziona. Rangi mbichi ndani ya boti ya miaka ishirini? Muulize aliyepaka alikuwa anaficha nini.

Haya sikuyajua yote mwenyewe. Ya mbao nilikuwa nayo, ya faiba nimepewa bure ufukweni Naivasha. Nilikuwa nimesimama mbele ya boti ya futi 16, buluu, nzuri kwa macho, na muuzaji ananiimbia, "Boss, hii ni kitu safi, haina shida hata kidogo." Pembeni kulikuwa na mzee anafungua mashine ya mtu mwingine kabisa. Muuzaji alipokwenda kupokea simu, mzee akaniita kwa kidole. "Kijana, hiyo usinunue. Huyo anakuuzia maji." Akanyanyuka, akashika mguu wa mashine, akausukuma mara moja. Ukuta wote wa tezi ukapumua.

Nikampa mia tano. Akairudisha. Akasema akitaka kitu kwangu basi nimtumie picha ya ngalawa, kwa sababu amesikia ina mbawa mbili na hajawahi kuiona. Nilikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuwasha. Mji huu unakukamua pesa kwa kila pumzi, mpaka parking ya kwenda kulipia parking, halafu mtu mmoja mwenye grisi mpaka kwenye viwiko anakataa mia tano yako.

Ndiye aliyenifundisha na mashine. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukiikuta ina joto ujue asubuhi kulikuwa na kazi. Iwake baridi mbele ya macho yako. Tazama kijito cha maji kinachoruka nyuma: kikiwa hafifu, ama impela, kile kijifeni kinachosukuma maji ya kupoza mashine, imechoka ama njia za maji zimeziba. Legeza skrubu ya oili ya gia chini kule. Oili ikitoka nyeupe nyeupe, maji yameshaingia. Fundi mwenye geji apime mgandamizo wa kila silinda, na zikipishana zaidi ya asilimia 10, mwachie mwenyewe mali yake. Hizi mashine za kuchanganya petroli na oili zinakula sana, lakini Yamaha za namna hiyo wavuvi wengi wa Ziwa Victoria wanazo, kwa hiyo vipuri vipo na mafundi wapo. Ukichukua mashine ya ajabu ajabu kwa sababu ni rahisi, impela yake utaisubiri kutoka Dubai.

Mashine zinazoletwa kutoka Mombasa na Kilifi ni nafuu, na mimi roho ilinienda huko kwa ajili ya undugu wa bahari. Lakini chumvi haina undugu. Chunguza bolti, chunguza vipande vya zinki vinavyofungwa viliwe na chumvi badala ya mashine, uliza kama ilikuwa inasafishwa kwa maji matamu kila ikitoka kazini. Mashine iliyozeeka ziwani inaishi maisha marefu zaidi.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa pwani halitupiti akilini kabisa. Naivasha iko juu, karibu mita 1,880 kutoka usawa wa bahari, na hewa kule ni nyepesi. Mashine hupoteza nguvu kama asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: mashine ya nguvu za farasi 15 pale Naivasha inafanya kazi ya 12. Boti ambayo Pangani ingepaa, huku inajikokota na tumbo majini, na muuzaji anakwambia umejaza watu. Dawa ni propela yenye mkato mdogo zaidi, yaani inayosogeza boti kidogo kwa kila mzunguko, na mzigo mwepesi. Nilipomweleza mjomba kwenye simu alicheka sana. "Yaani mwanangu umepeleka chombo mlimani, hata mashine inahema?"

Propela yenyewe muiombee dua. Tangu maji yalipopanda sana mwaka 2020, ziwa limemeza mashamba, na chini kuna nguzo za uzio na visiki vya migunga iliyokufa imesimama. Juu yake magugu maji yanahama na upepo, leo yako hapa kesho yamefunga gati. Boti yenye tumbo la kina kirefu na mashine kubwa ni ya kujitafutia kilio.

Karatasi sitaziongelea sana kwa sababu zinanipandisha presha. Chombo kinasajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA. Namba ya mashine ilinganishe na karatasi, na kama kibati chake kimekwanguliwa, ondoka bila kuaga. Mashine za boti zinaibwa sana maziwani. Trela nayo ina usajili wake, namba zake zinaanza na Z, na ukiuziwa trela isiyo na karatasi umeuziwa vyuma. Gusa vitovu vya magurudumu baada ya mwendo. Vikiwa vya moto sana bearingi zimekwisha, na usivizamishe majini hapo hapo. Vikipoa ghafla vinavuta maji ndani. Mimi navuta kwa Probox. Ule mteremko wa Mai Mahiu, huku trela inakusukuma mgongoni, ndio ulioniamulia ukubwa wa boti kuliko ushauri wa mtu yeyote.

Halafu kuna pa kuiweka. Hapa ndipo nilipotaka kurudi kwetu.

Mahali pamoja pale ziwani walinitajia ada ya kuhifadhi boti kwa mwezi, nikadhani wamesema kwa mwaka. Kwa pesa hiyo Tanga napanga nyumba nzima, vyumba vitatu na uwanja wa kuku. Na kabla ya kulipa lazima uwe mwanachama, na kabla ya uanachama lazima wanachama wawili wakupendekeze, na mimi hao wawili nitawaokota wapi? Nilimuuliza kijana wa mapokezi kwa upole. Akaniambia, "Wewe jipange tu, boss." Kwetu unakivuta chombo mchangani, unamwambia mtoto wa jirani akiangalie, jioni unampa samaki. Nikafanya hesabu nyingine: boti ndogo, ilale uani kwangu South B juu ya trela, iende ziwani na irudi siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba amekubali kwa sharti kwamba isizibe kamba za nguo.

Nyie mnaotaka kuja huku, nasema haya kwa mapenzi. Mshahara wa Nairobi ukiutafsiri kwa shilingi yetu unatia wazimu, na wengi mnaishia hapo kwenye tafsiri. Tafsirini na kodi. Tafsirini na nazi moja, na deposit ya nyumba, na ada ya shule inayolipwa muhula haujaanza. Mimi nimekaa, nimetulia, sijuti, watoto wanasoma vizuri na wanasema Kiswahili chenye Sheng ndani yake ambacho bibi yao anahitaji mkalimani. Lakini starehe ambayo kwenu ni ya bure, huku ina geti, na getini kuna daftari la kuandika jina na namba ya kitambulisho.

Basi kwa mwenye bajeti kama yangu, hesabu ni hii. Kama una laki nne, chombo na mashine visipite laki mbili na nusu. Zinazobaki zitaliwa na trela, usajili, jaketi za kuokolea, kamba, nanga, petroli na mambo ambayo hutayajua mpaka yakukute. Jaketi nunua mpya, za saizi ya watoto wenyewe. Za mtumba povu lake limeshakufa. Wauzaji wazuri ni wageni wa mashirika kule Gigiri ambao mikataba imekwisha: wanaondoka katikati ya mwaka shule zikifunga, wana haraka, na karatasi zao wamezipanga kwenye faili.

Yangu nimeipata kwa mtu wa namna hiyo. Mama mmoja, aliniuliza maswali machache tu, na lililomshughulisha zaidi ni kama watoto wangu wanajua kuogelea. Futi 13, faiba, ukuta wa tezi umekaza, trela ina namba. Laki moja na themanini, na bei haikubadilika aliposikia natoka wapi. Haina mashine, na sijaifuata mashine. Mwaka huu tunapiga makasia, mwakani tutaona.

Makasia yenyewe niliyopewa ni mafupi, ya plastiki, yanapinda ukiyatia nguvu. Mjomba ameshaanza kuchonga mengine. Yatakuja kwa basi kupitia mpaka wa Horohoro, na kondakta ametaka nauli ya abiria kwa sababu anasema ni marefu kuliko mtu.