Vilivyobaki Unavihesabia Wapi?

Jumamosi jioni mwanangu wa mwisho alirudi kutoka dukani kwa Mangi, ndoo mkono mmoja, hela kazikunja kwenye kiganja cha mkono mwingine. Asubuhi tulimpelekea Mangi vitumbua 30. Akafungua mfuniko, akahesabu vilivyobaki: vinne. Mangi anauza kimoja shilingi 200, anabaki na 50, sisi tunapata 150. Mtoto wa darasa la nne huyo, akapiga 26 mara 150 kwenye mgongo wa daftari, akapata 3,900, akahesabu hela mezani, zikawa 3,900. Akafurahi. Halafu, nikiwa nasuuza ndoo, akaniuliza:

"Mama, vya Mangi tunajua kwa kuhesabu vilivyobaki. Vitabu vyako vya kule Marekani, vilivyobaki unavihesabia wapi?"

Niliacha maji yakamwagika. Swali hilo ninalo kifuani tangu mwaka 2016, na sijawahi kulisema kwa maneno machache namna hiyo.

Niliandika kitabu cha bibi yangu, habari zake na za babu, nikakichapisha mwenyewe. Nilichapa nakala za kwanza Dar, nikazisambaza kwa mali kauli kama vitumbua hivi: duka hili kumi, duka lile tano, baada ya mwezi napita na daftari. Kumi toa vilivyobaki rafuni, tunalipana. Wapo wenye maduka walionizungusha miezi, lakini hata anayekuzungusha hawezi kukuficha rafu. Unaiona kwa macho yako.

Ndugu na jamaa walioko nje nao wakawa wanakitaka. Kutuma nakala moja kwa posta kulikuwa na gharama kuliko kitabu chenyewe. Ndipo nikakiweka kwenye duka moja kubwa la mtandaoni la Marekani. Kule hakuna shehena. Mtu akibonyeza kununua, mashine inachapa nakala yake moja, inafungwa, inatumwa. Hapana boksi, hapana rafu, hapana kilichobaki. Mwandishi unapewa ukurasa wa ripoti, na ndani yake wao ndio wanaoandika: leo kimoja, leo hakuna, leo viwili.

Hesabu ya mapato yenyewe haikuwa na siri. Kitabu cha kurasa 180, bei dola 10. Duka lilikuwa linachukua asilimia 40, yaani dola 4. Uchapaji ulikuwa dola 3 na senti moja. Zinabaki dola 2 na senti 99, na kwa hizo serikali ya Marekani inakata kodi asilimia 30, kwa kuwa Tanzania haina nao mkataba wa kodi. Mkononi mwangu dola 2 na senti 9, wakati ule kama shilingi 4,500. Na hundi haiandikwi mpaka zifike dola 100. Piga mwenyewe: vitabu 48 ndipo uione hundi. Yote hayo niliyasoma kabla, nikayakubali, na sina lawama nayo. Makato niliyaelewa. Kilichonisumbua ni idadi yenyewe, ile inayokuja kabla ya makato yoyote.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa ghala, na msemo wake ulikuwa mmoja: mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo nilikuwa na daftari langu. Kila aliyeniandikia "nimekinunua" nilimwandika, jina, mji, mwezi. Mwisho wa Aprili 2016 daftari lilikuwa na watu 19. Ripoti ya duka ilikuwa na nakala 14.

Nilikaa na pengo hilo siku kama nne bila kumwambia mtu. Unaona haya. Utamwambia nani kwamba unashuku duka kubwa kiasi kile kwa ajili ya vitabu vitano? Halafu binamu yangu wa Minneapolis akanitumia picha ya mtoto wake amekishika kitabu, kimefunuka nyuma kabisa, kwenye ukurasa mweupe wa mwisho ambao mimi sikuupanga. Chini palikuwa na maandishi madogo. Nikaikuza picha. Yalisema kimetengenezwa Marekani, mji wa San Bernardino, na tarehe. Tarehe ya siku nakala ile ilipotoka mashineni.

Usiku ule ndio ninaotaka kuusimulia.

Watoto walikuwa wamelala. Kompyuta ilikuwa ya kuazima kutoka kazini, modemu imechomekwa ubavuni inawaka taa ya bluu, bando limebaki kidogo kwa hiyo ripoti niliifungua mara moja, nikainakili yote kwa mkono, mstari kwa mstari, kwenye ukurasa wa kushoto wa daftari. Kulia yalikuwa majina yangu. Nikawaandikia wote ujumbe mmoja: naomba ufunue ukurasa wa mwisho kabisa wa kitabu, ule mweupe, upige picha maandishi ya chini, unitumie. Sikuwaambia kwa nini.

Ilikuwa saa tano usiku Tanga. Houston ilikuwa saa tisa alasiri, Leicester saa tatu usiku. Simu ikaanza kulia. Picha ya kwanza, Charleston, Februari. Nikatafuta kushoto, nikaiona, nikaweka vema. Ya pili, San Bernardino, Februari vilevile, ipo, vema. Kila picha ilikuwa na mahali pake ilipopigiwa: kitambaa cha meza cha maua, goti la mtu mwenye suruali ya kazi, usukani wa gari. Nilikuwa natafuta tarehe tu, lakini nikajikuta naziangalia hizo meza na hayo magoti. Hapo ndipo kitabu cha bibi kilikuwa kinaishi, mahali nisipowahi kufika.

Ya Leicester ikaja: kimechapwa Uingereza, bila tarehe. Shemeji akaongeza kwamba yule rafiki yake niliyemwandika naye kama mnunuzi alisoma nakala hiyohiyo ya kuazima. Nikafuta jina moja. Shangazi wa Maskati akatuma ukurasa wa mwisho na, bila kuombwa, ukurasa wa kwanza pia, wenye jina la mtu nisiyemjua kwa kalamu ya wino. Alikuwa amekipata kwa muuzaji mwingine, kimeshasomwa, na kwa kitabu cha mkono wa pili mwandishi hapati kitu. Nikafuta la pili. Nilifurahi kufuta, wallahi. Kila jina nililofuta lilikuwa linanirudishia imani. Wakabaki 17 kwa 14.

Picha ya mwisho ilikuwa ya mama mdogo, Houston. Aliipiga kichwa chini miguu juu, nikalazimika kuigeuza simu. Kidole gumba chake kilikuwa pembeni, hina imeanza kufifia kwenye kucha. San Bernardino, 9 Machi 2016. Nikashuka na kidole kwenye ukurasa wa kushoto. Tarehe 9 hapakuwa na mstari. Wala 8. Wala 10. Nikarudia kutoka juu na rula, kama nilivyofundishwa kusoma leja, na pale rula ilipofika Machi palikuwa na kimoja cha tarehe 2, cha Minneapolis, nilichokwisha kukiwekea vema, kisha tarehe 21. Katikati weupe.

Waliosoma kitabu watakumbuka sura ya kwanza. Babu alikuja Tanga kutoka Kigoma akiwa manamba, kukata mkonge. Mlipwaji alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi 30, na kila ukimaliza ngwe yako nyapara anatia alama ya siku hiyo. Zikijaa 30 ndipo unalipwa. Mkonge ukikataliwa, au nyapara akiwa na lake, umefanya kazi na siku haikuandikwa. Bibi hakujua kusoma. Alikuwa na kibuyu, na kila babu aliporudi jioni na viganja vyake, alitia punje moja ya mahindi. Mwezi mmoja kibuyu kilikuwa na punje 30, kipande kina siku 28. Babu akakibeba kibuyu mpaka ofisini, akazimwaga mezani kwa karani. Karani akamwambia, punje hazina sahihi.

Nimeisimulia sura hiyo mashuleni, nimeisoma kwa sauti Muheza mbele ya wazee waliokuwa wakitikisa vichwa. Usiku ule, na rula mkononi, ndipo nilipoielewa upande wa bibi. Siku zote nilikuwa naisimulia kama habari ya dhuluma, na huenda ilikuwa dhuluma, huenda pia kulikuwa na siku mbili bibi alitia punje babu akiwa amekataliwa ngwe na hakusema nyumbani. Bibi hakuweza kujua. Kibuyu chake kilimpa shaka, hakikumpa jibu, na shaka hiyo alikuwa nayo mpaka uzeeni, aliponisimulia.

Mengine yalikwenda haraka. Niliwaandikia wa duka, nikaeleza, nikaambatanisha picha tatu. Wakajibu baada ya siku mbili, kwa adabu: nakala zinazouzwa kupitia maduka mengine yenye mkataba nao huchelewa kuingia kwenye ripoti, nisubiri. Nikasubiri. Juni vikaingia viwili, vya Februari vyote, kwa mrabaha (fungu la mwandishi) mdogo zaidi, senti 99 kabla ya kodi, maana kwenye njia hiyo mkato ni asilimia 60. Kwa hiyo walisema kweli, na ninaiandika hapa wazi kwamba walisema kweli.

Cha 9 Machi hakikuingia. Mama mdogo alinitumia risiti yake: alinunua kwao moja kwa moja, kwa kadi yake. Nikaituma. Wakanijibu kwamba oda ya mteja hawawezi kuizungumza na mtu mwingine, kwa ajili ya faragha yake, na kwamba ripoti yao ndiyo rekodi rasmi ya mauzo. Niliisoma barua hiyo mara nyingi. Ilikuwa imeandikwa vizuri, haina neno baya.

Hundi ya kwanza ilifika sanduku la posta mwaka 2018. Benki ikanisubirisha wiki sita na kukata chake. Niliwanunulia watoto viatu vya shule.

Tangu hapo nimezungumza na waandishi wenzangu wanaojichapishia, wa hapa na wa Mombasa, na karibu kila mmoja ana kibuyu chake. Mmoja anajinunulia nakala moja kila Januari kwa kadi ya kaka yake aliyeko nje, ili aone kama itatokea kwenye ripoti. Wengine wameacha kufungua ripoti kabisa, wanapokea kinachokuja. Vitabu vya kusomea kwenye simu sivisemi, maana huko hata ukurasa wa mwisho wa kupiga picha haupo. Mimi ninachoamini ni hiki: sidhani kuna mtu aliyekaa mahali akasema tumnyang'anye mwalimu wa Tanga dola mbili. Mashine inaweza kukosea kama karani anavyokosea. Lakini karani wa ghala akikosea, baba yangu alikuwa na haki ya kuingia ghalani na kuhesabu magunia. Mwandishi haingii mahali popote. Anayeuza ndiye anayehesabu, ndiye anayelipa, na ukiuliza, ndiye anayejibu kama amehesabu vizuri. Mimi nataka tu mahali pa kusimama nihesabu naye. Bado nakiacha kitabu kule, kwa sababu bila duka lile mama mdogo asingekuwa nacho, na kila nikiwaza kukiondoa naliona goti la yule mwenye suruali ya kazi.

Basi nilimweleza mwanangu, kwa kadiri ya umri wake. Nikamtolea daftari kabatini, nikamwonyesha ukurasa wa kushoto na wa kulia, vema zote, na ile nafasi nyeupe kati ya tarehe 2 na 21. Akaipitisha kidole.

"Kwa hiyo hicho kimoja kilipotea?"

"Hakikupotea. Kipo Houston, kwa bibi yako mdogo, juu ya kabati la televisheni. Nimekiona kwenye picha."

"Na hela yake?"

Mchele wa kesho ulikuwa bado haujalowekwa. Nikamtuma alete bakuli, akaenda, akarudi nalo, akasimama pale jikoni bado ananitazama anasubiri.