Alama nne za usanisinuru

Ijumaa, saa nne usiku. Nimemaliza kusahihisha karatasi za Baiolojia za kidato cha pili, 74 zote, na moja imekataa kurudi kwenye bahasha.

Swali la sita liliwataka waeleze jinsi mmea wa kijani unavyojitengenezea chakula. Lina alama nne. Kijana huyu, ambaye kwenye swali la tano alihangaika na Kiingereza mpaka karatasi ikatoboka kwa ufutio, hapa ameandika Kiswahili kitupu. Ameandika usanisinuru, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Ameeleza kwamba umbijani hunasa mwanga wa jua, maji hupanda kutoka mizizini, hewa ya kabonidayoksaidi huingia kwenye vitundu vya jani, halafu mmea hupata sukari na kutoa oksijeni. Chini kabisa akaongeza: "Ndiyo maana mahindi ya babu yaliyo chini ya mwembe hayabebi."

Hilo la mwembe halimo kwenye daftari lake. Silo nililofundisha. Amelitoa shambani kwao, akaliunganisha na somo mwenyewe.

Nimempa sifuri.

Maelekezo yameandikwa juu ya karatasi: majibu yote kwa Kiingereza. Mtihani wa taifa wa Novemba utakuwa hivyohivyo, na nikimzoesha kupata maksi kwa Kiswahili nitakuwa nimemwandalia anguko. Hayo nimejiambia nikiwa nimeshika kalamu nyekundu. Jumla yake ikawa 28. Kwa madaraja yetu, F inaishia 29 na D inaanzia 30. Angepata zile nne angekuwa na 32, angekuwa amefaulu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe simfundishi kwa Kiingereza kitupu. Naanza nacho, naandika ubaoni, na nikiona macho yamefifia nageukia Kiswahili, na darasa linaamka. Mikono inanyooshwa, wanabishana, wanacheka. Hapo ndipo wanapojifunza, na kila mwalimu wa shule ya kata ninayemfahamu hufanya hivyo. Kwa hiyo tunawafundisha kwa lugha mbili na kuwapima kwa moja, kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba mtoto hajui Baiolojia.

Binti wa dawati la mbele alipata nne kamili kwenye swali hilohilo. Sentensi zake ni zangu, neno kwa neno, na nukta zake zote. Jana nilimuuliza maana ya neno moja kati ya aliyoyaandika, akainamisha kichwa. Simlaumu hata kidogo. Amefanya kile mtihani unachomlipa.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka 2012. Matokeo yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, yaani walifeli, na yeye akiwemo. Mama hakupika siku ile. Baadaye serikali ikayafuta matokeo, madaraja yakapangwa upya, na mwishoni mwa Mei yakatangazwa mengine. Mdogo wangu akapata daraja la nne. Kati ya Februari na Mei hakufungua kitabu. Alikuwa anasaidia kwenye duka la mjomba. Majibu aliyoyaandika ndiyo yaleyale. Tangu mwaka ule siwezi kuandika F nikaamini kwamba nimeandika habari za mtoto.

Lakini naandika. Mwalimu wa taaluma anataka alama Jumatatu asubuhi, na anazitaka kwa tarakimu. Hakuna safu ya mwembe wa babu.

Leo mchana, kabla ya kengele ya mwisho, nilimwita yule kijana ofisini nimwoneshe karatasi yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akasoma swali la sita taratibu, akarudia.

"Madamu, hapa nilikosea wapi?"

Nikamwambia, "Hapo hukukosea, mwanangu."

Akaitazama ile sifuri, akanitazama mimi. Akasubiri niendelee. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuwa na la kuongeza. Akanirudishia karatasi, akasema, "Asante, Madamu," akatoka.