Bushi ya shafti ikigoma kutoka, nyundo iache kwenye gari

Watu wengi wenye yoti huku Pwani wakisikia boti inatetemeka wanakimbilia injini, wanabadilisha maunti (vile vikalio vya raba vinavyoshika injini), pesa inaenda na mtetemo uko palepale. Mimi huanza nyuma. Boti ikiwa juu ya mchanga nashika propela kwa mikono miwili naitikisa juu chini, na kama ni shafti (kile chuma kinachotoka kwenye injini kuzungusha propela) ya inchi 1 ikicheza zaidi ya milimita 1.5 hivi, bushi imekwisha, hakuna mjadala.

Kwa asiyeijua, hiyo bushi ni kipande cha paipu ya brasi kina raba yenye mifereji ndani, shafti inazunguka humo na maji ya bahari yenyewe ndo grisi yake. Zamani ilikuwa ni mti, John Penn wa London alipata hataza ya kutumia lignum vitae mwaka 1854, mti mzito unaozama majini kama mpingo wetu, na meli kubwa zikatembea nao miaka na miaka. Raba ilikuja baadaye.

Sasa hii ya juzi ni fibaglasi ya futi 34, tuliiegemeza kwenye nguzo pale kriki ya Mtwapa. Bamvua tuliingoja makusudi, maji yanashuka zaidi ya mita 3 na kupwa kwenyewe kunaangukia saa nne saa tano asubuhi, yani mwanga unao ila muda huna, ukizubaa bahari inarudi na wewe umeshachomoa shafti, tundu liko wazi linakungoja. Kwa hiyo kizibo cha mbao kilichongwa kabla spana haijaguswa.

Shafti ilitoka vizuri. Bushi ndo ikakaa. Kijana wangu akaja na nyundo ya kilo mbili, "Mzee, tuigonge tumalize." Nikamwambia hiyo rudisha kwenye gari mwanangu. Ule mkono unaoshika bushi, braketi, umepita kwenye fibaglasi mpaka ndani, ukiugonga unapinda au unaachia pale juu, halafu boti inavuja na shafti hainyooki tena. Bushi unanunua nyingine, braketi utaipata wapi?

Cha kwanza kutafuta ni skrubu. Ziko mbili ndogo za alenkii (zile za tundu la pembe sita) ubavuni na fundi aliyepita kazipaka rangi, tena si mkono mmoja, ni rangi juu ya rangi mpaka pako laini kabisa huoni kitu. Nikakwangua, nikachokonoa rangi kwa msumari kwenye matundu, moja ikazunguka baada ya kupulizwa hewa moto kidogo (moto wa gesi hapana, hiyo ni fibaglasi), nyingine kichwa kimeliwa ikabidi ipigwe drili.

Tukafunga pula, ile ya kujitengenezea, rodi ya thredi na nati, upande mmoja soketi inayosukuma bushi na upande wa pili paipu pana ya kuipokea. Tukakaza mpaka rodi ikaanza kupinda, bushi haijasogea hata unywele, chumvi na kutu ya kijani vimeshaifanya kitu kimoja na braketi. Hapo unaacha kuvuta, unakata.

Toa raba kwanza kwa kisu maana inaziba meno ya msumeno. Fungua bledi ya heksoo, ipitishe ndani ya bushi, ifunge tena kwenye fremu, kata kwa urefu. Ni inchi 4 za kukata na brasi yenyewe unene wake kama milimita 3, kwa hiyo polepole, kila baada ya muda piga tochi pale mwisho uangalie ule mstari wa kijani kati ya bushi na braketi, ukiufikia simama. Kata mstari wa pili upana wa kidole pembeni, ingiza tindo nyembamba, kile kipande kinakunjika kwa ndani kinatoka. Kikishatoka hicho, bushi yote inalegea, kijana aliitoa na plaizi huku anacheka.

Mpya ililala kwenye friza ya mama muuza samaki. Brasi ya milimita 40 ikitoka joto la huku ikaingia kwenye baridi ya friza inapungua kama milimita 0.03, ni kidogo sana ila unaona tofauti, iliingia kwa kipande cha mbao na ngumi. Skrubu zishike tu, ukizikaza sana zinabonyeza ganda na raba inaikaba shafti. Shafti ipake maji ya sabuni ndo irudishe.

Koplingi, zile sahani mbili zinazounganisha shafti na upande wa injini, usiikaze moja kwa moja boti ikiwa bado kavu, bodi inabadilika umbo ikielea. Iache majini mpaka kesho yake, halafu pima nafasi kati ya zile sahani na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) pande zote nne, kwa koplingi ya inchi 4 tofauti isizidi milimita 0.1.