Mbio za hisani kwa ajili ya marehemu: sadaka kwanza, kasi baadaye

Mwenye msiba hukimbia kwa kasi kuliko mwili wake. Hilo ndilo tatizo la kwanza la mtu anayejiandikisha mbio za hisani kwa jina la mzazi, mwenza au mtoto aliyetangulia mbele ya haki, na mengi mengine huzaliwa humo: muundi kuuma wiki ya tatu, kisigino kugoma wiki ya sita, na siku yenyewe kuishiwa nguvu kilomita ya 12 kwa sababu tano za mwanzo zilikimbiwa kwa uchungu. Mwili haujui nia. Unajua umbali, joto, usingizi na chakula. Kwa hiyo mengi tunayoshauri hapa ni ya kumzuia mkimbiaji asijimalize. Kinachotakiwa ni sadaka ifike, na sadaka hufika hata kama aliyeibeba amemaliza kwa kutembea.

Kabla ya viatu, kaeni na warithi. Ulizeni deni. Deni la marehemu hutangulia wasia na mirathi, na haifai jamaa wachangishe kwa jina lake huku muuza duka wa mtaani bado anadai. Pesa za sadaka zisichanganywe na mali ya mirathi, hata kwa kuazima siku mbili. Mkishakubaliana, chagueni kitu kimoja kinachohesabika. Sadaka jariya, ile inayoendelea kumletea marehemu thawabu, watu hukimbilia kuisema kisima, lakini kisima kina kazi yake: sehemu nyingi za pwani ya Unguja maji yake ni ya chumvi, na pampu ikiharibika bila fungu la matengenezo kinabaki shimo tu. Wasilianeni na Mamlaka ya Maji mapema, au chagueni kitu chepesi zaidi.

Kama marehemu alikuwa na kisukari, nendeni kituo cha afya cha shehia mkamuulize mkuu wa kituo anachopungukiwa. Akisema vijiti vya kupimia sukari, andikeni jina la mashine iliyopo pale, kwa sababu vijiti vya mashine moja haviingii nyingine, kisha tazameni tarehe ya kuisha muda wake. Vya bei rahisi mara nyingi vimebakisha miezi michache. Mashine za presha ziende na mikanda ya mkono ya saizi mbili, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo. Viti vya magurudumu viende na mipira na tyubu za akiba, kwani njia zetu za mawe ya matumbawe hazina huruma. Chukueni bei ya maandishi kutoka kwa muuzaji, ongezeni asilimia 10 ya usafiri na makato, na hiyo ndiyo iwe shabaha yenu.

Kukusanya kwenyewe, fungueni laini ya simu mpya ya kazi hiyo tu, na watu wawili wawe wanaangalia taarifa yake kila Ijumaa. Daftari liwe na safu nne: jina, ahadi, kilicholipwa, tarehe. Makato ya kutoa pesa yaandikwe. Nauli, ada ya kujiandikisha na viatu vya mkimbiaji vitoke mfukoni mwake, visiguse sadaka. Na hapa tuna msimamo: msikubali ahadi za "kila kilomita, shilingi elfu kadhaa". Ahadi ya namna hiyo humfanya mtu aliyeumia goti kilomita ya 15 aendelee kuchechemea, kwa sababu akisimama anahisi amempunguzia marehemu. Ombeni kiasi kimoja, mtu akimaliza asimalize, na kilipwe kabla ya mbio. Baada ya mbio watu hupoa.

Sasa umbali. Marathoni kamili ni kilomita 42.195, nusu ni 21.1. Kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia kilomita 10, sisi tunasema nusu, na hatuoni haya kusema. Hesabu iko wazi: anayeanza hukimbia kilomita moja kwa dakika 8 hivi. Nusu itamchukua saa mbili na dakika 48 au 49. Kamili itamchukua saa tano na dakika 37, yaani akianza saa kumi na mbili asubuhi, saa tano na nusu ya mchana bado yuko barabarani, jua limesimama. Kwa joto letu hiyo ni hatari ya kweli.

Kuna na suala la lini kuanza. Mjane aliye edani ana miezi minne na siku kumi zake, na mazoezi yatamsubiri. Kwa wengine pia, wiki za mwanzo baada ya mazishi usingizi hukatika na chakula hakipiti, na mwili usiolala haujengeki kwa mazoezi, unabomoka. Ngojeni angalau arubaini ipite, tembeeni tu. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, mazoezi mazito yaangukie Juni hadi Septemba, wakati wa kipupwe na kusi. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, joto la saa mbili asubuhi tayari ni zito. Masika ina shida ya barabara kujaa maji na kuficha mashimo. Ramadhani ikikatiza ratiba, usijaribu kuongeza umbali: dakika 30 hadi 40 za taratibu kabla ya futari, au baada ya tarawehe kwa atakaye zaidi, inatosha kushikilia ulichojenga.

Ratiba ya nusu marathoni ni wiki 14, kwa mtu anayeweza tayari kukimbia nusu saa bila kusimama. Siku tatu za kukimbia. Jumanne na Alhamisi dakika 30, ambazo kufikia wiki ya nane huwa 45. Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, mbio ndefu: wiki nne za mwanzo kilomita 6, 7, 8, halafu kushuka 6, nne zinazofuata 9, 11, 12, kushuka 9, kisha 14, 16, 18. Baada ya hapo 14, 8, na wiki ya mwisho ni mbio zenyewe. Wiki za kushuka zisirukwe. Ndizo ambazo mifupa na kano hupata kufikia pale moyo na mapafu yalipofika zamani. Pumzi hujengeka kwa wiki, kano kwa miezi. Anayezifuta kwa sababu "anajisikia vizuri" ndiye tunayemwona wiki ya tisa na barafu mguuni.

Kasi ya Jumapili ni ya kuweza kuzungumza sentensi nzima. Kama unakata maneno, punguza. Tunapendekeza tangu siku ya kwanza kukimbia dakika 9 na kutembea 1, na siku ya mbio vivyo hivyo. Na tazama kalenda: wiki inayobeba siku aliyofariki, au siku ya hitma, iwe ya kushuka. Machozi yakija njiani, tembea. Koo likibanwa pumzi huwa fupi, na mtu akilazimisha kasi katika hali hiyo hupata kichomi cha ubavuni au kizunguzungu.

Mahali pa kufanyia mazoezi si tatizo mjini Unguja. Nyasi za Maisara zinafaa Jumanne na Alhamisi kwa sababu ni laini kuliko lami. Mbio ndefu, barabara ya Mtoni kwenda Bububu ni tambarare, lakini toka mapema kabla daladala hazijaanza kushindana. Kimbia upande wa kulia ili magari yakujie usoni. Kipande cha barabara kwenye msitu wa Jozani kina kivuli na kima punju wanaovuka, na madereva hupunguza mwendo kidogo kwenye matuta.

Ufukwe wa Paje na Jambiani watu huupenda mno bila kuujua. Siku za bamvu, mwezi mpevu au mwezi mchanga, maji hujaa kwenye saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo ukifika saa kumi na mbili unakuta umebaki mchanga mkavu wa juu, ule unaozama na kuvuta kano ya kisigino. Mchanga mgumu wa alfajiri hupatikana mwezi ukiwa nusu na siku mbili tatu zinazofuata, maji mafu, maji yanapokupwa wakati huo. Hata hapo ufukwe una mteremko: mguu mmoja unakuwa juu, mwingine chini, na ukienda kilomita nyingi bila kugeuka utaumwa nyonga na nje ya goti. Geuka kila baada ya kilomita mbili, na usipite kwenye vijiti na kamba za mwani za watu.

Aliyejiandikisha Kilimanjaro Marathon pale Moshi ajue kuna vilima vya kweli. Unguja ni tambarare, hivyo apande kilima cha Masingini mara moja kwa wiki. Walioko Pemba wamejaaliwa. Barabara za Chake na Wete ni kupanda na kushuka, ila msimu wa karafuu angalieni majamvi yaliyoanikwa pembezoni.

Viatu vya mtumba vya soko la Darajani vinaweza kufaa sana, au vikakuumiza. Viweke juu ya meza, vitazame kwa nyuma usawa wa jicho: kimoja kikiinama upande, kiache. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, imekufa, hata kama soli ya chini inang'aa, kwa sababu sponji huzeeka na joto na kukaa. Kunja kiatu: kikunjike penye vidole, si katikati. Vaa na soksi zako jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kucha nyeusi hutokana na kukosa nafasi hiyo. Kiatu kipya huchoka baina ya kilomita 500 na 800.

Fulana yenye picha ya marehemu ni jambo la mapenzi, na hapa ndipo wengi huumia. Picha kubwa ya kubandikwa kwa moto ni karatasi ya plastiki. Haipitishi hewa, jasho linanasa nyuma yake, kifua kinachemka, na ukingo wake husugua chuchu hadi damu. Ikiwa kitambaa chenyewe ni pamba, kikilowa huongezeka uzito na kusugua makwapa pia. Chukueni poliesta nyepesi, jina liandikwe mgongoni juu kwa herufi ndogo, na picha ibaki kwenye bango la kikundi au kwenye fulana ya kuvaa baada ya mbio. Familia nyingine haziridhii picha ya marehemu wao kuvaliwa, na ni haki yao kuulizwa. Dada zetu: hijabu fupi ya kitambaa hicho hicho, suruali ya kubana chini ya nguo pana, na mafuta mazito ya mgando mapajani, makwapani na chini ya sidiria. Mafuta ya nazi yanayeyuka mapema mno.

Maji yapimwe. Jipime uzito umevua nguo, kimbia saa moja, jikaushe, jipime tena. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho. Ongeza ulichokunywa njiani. Wengi hapa watajikuta wanahitaji nusu lita au zaidi kidogo kwa saa. Ukirudi na uzito umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hilo ni baya vilevile, kwa sababu chumvi ya damu hushuka na mtu huchanganyikiwa. Madafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo peke yake hayatoshi. Tia chumvi kidogo. Au changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Tende ndogo nne au tano kwa saa, au ndizi moja, kuanzia dakika ya 45. Usiku wa kuamkia mbio, wali mweupe na samaki wa kuchoma. Pilau la mafuta, maharage, urojo na mchuzi wa nazi mzito uache mpaka kesho yake. Asubuhi, saa mbili kabla ya kuanza mbio, boflo na asali.

Maumivu ya muundi yanayoenea ni ya kupunguza umbali kwa nusu. Maumivu ya nukta moja, yanayouma ukibonyeza kwa kidole na yanayokuamsha usiku, huenda mfupa una ufa: simama, nenda ukapigwe picha. Kisigino kinachochoma hatua ya kwanza asubuhi kinataka kunyooshwa unyayo kabla ya kushuka kitandani. Usimeze ibuprofeni wala diklofenaki kabla au wakati wa kukimbia kwenye joto. Mwili ukiwa umepungukiwa na maji dawa hizo huumiza figo. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba, au kuhisi baridi juani, msimamishe, mpeleke kivulini, mmwagieni maji mwili mzima na barafu shingoni na kwapani wakati gari la hospitali linatafutwa. Poza kwanza, safirisha baadaye.

Siku ya mbio, dua ya pamoja isomwe mapema, angalau nusu saa kabla ya kuanza. Ikisomwa mstarini, mapigo ya moyo hupanda na mtu hutoka mbio. Kilomita tatu za kwanza ziwe za polepole kuliko mazoezini, nusu dakika zaidi kwa kila kilomita, na awepo mmoja mwenye saa wa kuwashika wenzake.

Ndani ya wiki moja nunueni vitu, mpeleke kituoni, na mkuu wa kituo atie saini hati ya makabidhiano yenye idadi, jina la kifaa na tarehe. Waliochangia watumiwe hati hiyo, picha ya risiti na ukurasa wa mwisho wa daftari. Wagonjwa wasipigwe picha. Kilichobaki, hata kikiwa shilingi elfu chache, kiandikwe kimekwenda wapi.