Nikeli za Marekani za Karne ya 19: Anza na Ugumu Wake

Sarafu ya senti 5 ya Marekani huitwa nikeli, ingawa robo tatu yake ni shaba. Robo iliyobaki, madini ya nikeli, ndiyo iliyowatesa mafundi wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia tangu 1866. Usipoijua tabia yake, utalipia sarafu mbovu na kuiacha nzuri mezani.

Ya kwanza ni ile ya ngao, kazi ya James B. Longacre. Upande wenye namba 5 ulikuwa na nyota 13, na kati ya nyota miale. Madini yale magumu hayakujaa vizuri kwenye mchoro uliosongamana vile, na mihuri ya chuma ya kupigia sarafu ikawa inapasuka mapema. Mwaka 1867 miale ikaondolewa. Kwa hiyo 1867 yenye miale ni adimu kuliko isiyo nayo. Mihuri haikuacha kupasuka. Ukikuta uzi mwembamba kutoka ukingoni hadi kwenye ngao, inamisha sarafu chini ya taa: mkwaruzo huzama, ufa wa muhuri huinuka. Ufa huo ni wa kawaida kabisa, usiuogope. Za 1877 na 1878 zilipigwa kwa ubora wa maonyesho tu, kwa ajili ya wakusanyaji.

Mwaka 1883 ikaja ya Charles E. Barber, kichwa cha Uhuru mbele na V nyuma, bila neno CENTS. Upana wake ni milimita 21.2, na dola 5 ya dhahabu ilikuwa 21.6, matapeli wakazipaka dhahabu na kuzipitisha kama dola 5, na neno likaongezwa mwaka uleule. Zisizo na neno watu walizihifadhi kwa wingi, hivyo ni rahisi kupata ikiwa safi. Nunua hiyo kwanza.

Ya kuumiza mfuko ni 1885, zilizopigwa milioni 1.47 hivi. Wapo wanaochonga tarakimu ya mwisho ya mwaka mwingine. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, utazame kuizunguka ile 5: uwanja (sehemu tupu isiyo na mchoro) uliokwanguliwa, rangi tofauti au mstari wa kuunganishia, irudishe. Uzito ni gramu 5, pungufu kidogo ikichakaa, na sumaku isiivute. Ukiona herufi D au S, alama za viwanda vya Denver na San Francisco, kwenye ya karne ya 19, ni ya kughushi. Kwenye nikeli alama hizo zilianza 1912.

Uchakavu usome kwenye neno LIBERTY kichwani. Herufi zote saba zikisomeka, ni sarafu ya kuheshimika. Usihukumu kwa suke la hindi lililo upande wa V, kushoto kwa fundo la utepe: mara nyingi ni bapa hata kwenye sarafu isiyowahi kutumika, kwa sababu madini hayakujaa hadi kina cha muhuri. Kagua mng'ao wa uwanja unaolizunguka. Ukiwa bado unazunguka kama gurudumu ukigeuza sarafu, ubapa ule ni wa mapigo dhaifu.

Limau, majivu na dawa ya kung'arishia ziweke mbali. Ngozi ikishatoka hairudi. Ute wa kijani unaonata, unaoachwa na mifuko laini ya plastiki, huondoka kwa asetoni safi: glasi, dirisha wazi, mbali na moto, dakika kadhaa bila kusugua, kisha ikauke yenyewe. Baada ya hapo iweke kwenye kishikizo cha Mylar, plastiki isiyoacha ute huo, na ishike kwa ukingo.