Jina la nne lilinishinda

Jumamosi nilikwenda Kengeleni, Mombasa, kwenye kikao cha watu wanaotafuta historia za koo zao. Nilidhani nitakuta vijana na kompyuta zao. Nikakuta wazee, sufuria ya mbaazi, mahamri, na karatasi za manila zimebandikwa ukutani kwa selotepu.

Kazi ya kwanza: andika jina lako, la mzazi, la babu, uendelee kupanda. Niliishia la tatu. Baba yake babu, nyumbani tulimwita Mzee wa Rabai tu, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kama alikuwa na jina. Pembeni yangu kijana Mgiriama alishafika la saba na bado anaandika. Kwao mtoto hurithi jina la babu, kwa hivyo ni Kenga wa Charo wa Kenga wa Charo. "Ukijua mawili umemaliza," akanicheka. Nilimwonea wivu, nakiri.

Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyenipoza. Alituonyesha kwa kidole upande iliko ile kengele iliyopa mahali hapa jina. Hapa hapa ndipo Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisheni mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa: Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, wengi wao watoto. Wakabatizwa, wakapewa majina ya Kizungu. Rabai nako, kwenye misheni nyingine, walikuwa wamejaa watumwa waliotoroka mashambani, na Januari 1889 zaidi ya 1,400, wa Rabai na wa misheni za jirani, walipewa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Kwa hivyo, alisema, mwenye babu aliyepitia huku asitarajie nasaba iliyonyooka. Aanzie kwenye daftari la ubatizo.

Ukumbi ulinyamaza. Pwani hii, kumuuliza mtu asili yake ni kumvua nguo. Nimekua nikisikia "sisi ni Warabai" ikisemwa haraka haraka, halafu mtu anaagiza chai.

Mama mmoja mwenye leso ya buluu akanivuta mkono. "Mwanangu, usiulize mtu katoka wapi. Uliza kazikwa wapi, na kandoye kalala nani." Nikaliandika nyuma ya mkono, maana daftari lilikuwa limeshalowa chai.

Mimi mwenyewe nimechelewa. Mwaka juzi nilimrekodi baba kwa simu, saa nzima, akisimulia. Nilipokuja kusikiliza, kulikuwa na feni tu, ikizunguka, na sauti yake kwa mbali kama mtu aliye chumba cha pili. Sasa hayupo wa kumrudia.

Jioni nikampigia shangazi. Nikafuata ushauri wa mama wa leso: Mzee wa Rabai kazikwa wapi?

Kimya. Nikasikia jogoo wake.

"Nani kakutuma uyaulize hayo?"

"Hakuna, shangazi. Nataka kujua tu."

"Chini ya mwembe, kwa kina bibi yako. Kandoye kuna kaburi la mwanamke, halina msalaba." Akakohoa. "Jina la kanisani lilikuwa William. Alikuwa nalo jingine, alimwambia mama yangu peke yake."

"Nawe alikwambia?"

"Njoo Jumapili. Njoo na daftari. Hiyo simu yako iache nyumbani."