Kumbukumbu ya mradi: kusaka sarafu zenye madini ya fedha (silver) kwenye mabunda ya nusu dola na senti tano, Marekani

Awamu hii nguvu kubwa imehamia kwenye senti tano. Nusu dola bado zinaagizwa, lakini maboksi yake mengi yameshapekuliwa na wasakaji wengine kabla hayajatufikia.

Vipimo vya kuagiza kwanza. Benki za Marekani hutoa sarafu kwa thamani iliyoandikwa juu yake, zikiwa zimefungwa kwa karatasi. Bunda la nusu dola lina sarafu 20, yaani dola 10. Boksi ni mabunda 50, dola 500, na uzito wake unapita kilo 11. Bunda la senti tano lina sarafu 40, dola 2. Boksi ni dola 100, sarafu 2,000, kilo 10. Boksi huagizwa mapema kwa keshia, na benki nyingi humtaka mwagizaji awe na akaunti kwao. Mabunda yaliyofungwa kwa mkono na wateja tunayapenda kuliko ya mashine, kwa sababu mara nyingi yametoka kwenye kopo lililokaa nyumbani miaka mingi. Ukiwa dirishani, uliza pia nusu dola zilizolala kwenye droo. Makeshia wengi wanafurahi kuziondoa.

Kwa nusu dola, mwaka ndio hakimu. Za 1964 kurudi nyuma zina fedha asilimia 90, gramu 12.5 kila moja. Sheria ya sarafu ya 1965 iliiondoa fedha kabisa kwenye senti kumi na robo dola, ila nusu dola ikaachiwa asilimia 40 hadi 1970, gramu 11.5. Kuanzia 1971 ni shaba na nikeli tu, gramu 11.34.

Upekuzi wenyewe hauanzi na kusoma miaka. Fungua bunda, zilaze sarafu zote 20 kwenye trei kwa safu, kingo zikikutazama, taa ikimulika kutoka ubavuni. Sarafu ya kawaida ina mstari mwekundu wa shaba katikati ya ukingo. Ya asilimia 90 ni nyeupe tupu, huikosi hata ukiwa na usingizi. Tatizo ni ya asilimia 40: ukingo wake ni wa kijivu kilichofifia, wakati mwingine una ufito wa kahawia hafifu, na kwenye taa ya manjano unafanana na wa shaba iliyochakaa. Kwa hiyo safu ikishapita mtihani wa ukingo, geuza sarafu zote upande wa kichwa cha Rais Kennedy usome miaka. Anayeruka hatua hii ndiye anayewaachia wenzake za 1967.

Mizani inahitajika mara chache kuliko watu wanavyodhani. Tofauti kati ya gramu 11.5 na 11.34 ni ndogo mno kwa mizani ya jikoni. Tafuta inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Kazi yake hasa ni sarafu zilizoandikwa 1776–1976 zenye herufi S, alama ya kiwanda cha San Francisco: zipo za fedha asilimia 40 na zipo za kawaida, na mwaka hausaidii kitu hapo. Angalia ukingo, kisha pima.

Weka kando pia za 1987, zilizouzwa ndani ya seti za wakusanyaji tu, na za 2002 hadi 2020, ambazo hazikutengenezwa kwa mzunguko. Bei yake hupanda kidogo, na kidogo hicho ni kwa zilizo safi. Tangu 2021 nusu dola zimerudi kwenye mzunguko, hivyo boksi linaweza kuja na sarafu mpya tupu. Ukiona mabunda matatu ya kwanza yanang'aa yote kwa mwaka mmoja, usitarajie makuu.

Sasa senti tano. Za fedha ni za wakati wa vita, katikati ya 1942 hadi 1945: fedha asilimia 35, shaba 56, manganizi 9. Mchanganyiko huo ulipimwa ili mashine za kuuzia bidhaa zizikubali kama za zamani, na uzito ni uleule wa gramu 5. Mizani haizitambui, ukingo hauna mstari wa kukusaidia. Lazima uzigeuze moja moja, na uvivu wa watu kufanya hivyo ndio unaotuachia mavuno. Alama ni herufi kubwa ya kiwanda, P, D au S, juu ya kuba la nyumba ya Monticello upande wa nyuma wa sarafu. Rangi nayo hudokeza: manganizi huzifanya kuwa na weusi wa kimajimaji, kama chuma kilicholowa mafuta. Ya 1942 yenye D ni ya kawaida. Mwaka huo P na S tu ndizo za fedha. Ukikuta ya 1944 isiyo na herufi juu ya kuba, usiitupe: ni ghushi maarufu za Francis Henning wa New Jersey, za miaka ya 1950, na wakusanyaji wanazinunua.

Humo humo angalia 1950 yenye D pembeni mwa jengo. Zilitengenezwa 2,630,030 tu.

Hesabu ya thamani: nusu dola ya asilimia 90 ina fedha safi gramu 11.25, ya asilimia 40 gramu 4.6, senti tano ya vita gramu 1.75. Gawanya kwa 31.1 kupata aunsi za troy, kipimo cha madini ya thamani, zidisha kwa bei ya siku. Aunsi ikiwa dola 30, ni takriban dola 10.85, 4.44 na 1.69.

Mabaki yanarudishwa benki nyingine, si ile unakoagizia, la sivyo utanunua takataka zako mwenyewe. Ulizia ada ya kuhesabiwa kwanza. Zilizobaki mikononi hazisafishwi. Kusugua kunaua bei ya mkusanyaji. Na vifuko laini vya plastiki ya PVC havifai, huacha utomvu wa kijani juu ya sarafu.

Wanaouliza kuhusu nyumbani: shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ilikuwa na fedha robo, kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Hizo hazipo tena benki. Tafuta kwa wauza vitu vya kale.

Agizo linalofuata ni senti tano pekee, maboksi mawili kutoka matawi tofauti.